Tundu Juu ya Mlango

Mimi niliolewa ndani ya nyumba ya mtu aliyekufa. Nataka hilo lijulikane mapema, kabla hujaanza kusema Adero ni mkali, Adero ana mdomo. Ungekaa mle wewe, tungeona.

Kwetu Kano mwanamke hujengewa nyumba yake. Mume akifiwa, nyumba ya marehemu inabaki ya marehemu, na anayekuja baadaye anajengewa ya kwake hapo bomani. Lakini reli haina habari na boma. Mume wangu, Dalmas Obura, alikuwa shanta pale stesheni ya Nakuru, mmoja wa wale wanaokimbia katikati ya mabehewa wakiyaunganisha, na reli ilimpa chumba kimoja kwenye landi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wake. Kuta za mawe, paa la mabati, dirisha moja, mlango mmoja. Mke akifa, chumba ni hicho. Mke mwingine akija, chumba ni hichohicho. Basi nikaingia na sanduku langu nikalala kwenye kitanda cha mtu.

Jina la aliyenitangulia lilikuwa Akeyo. Hilo niliambiwa na jirani yetu Nanyama, mama mmoja Mbukusu, mcheshi, aliyekaa mlango wa pili, kwa sababu Dalmas mwenyewe hakulitaja hata siku moja. Akibanwa alisema "yule wa kwanza", akiangalia viatu vyake. Akeyo alikufa akiwa na mimba kubwa. Mama mkwe wangu, huko Alego, aliposikia kwamba amekufa na mtoto tumboni, akakataa katakata maiti ya namna hiyo isiingie bomani kwake. Wakamzika hapa Nakuru, katikati ya watu asiowajua. Halafu mama mkwe akasema jina lake lisitajwe tena nyumbani, lisije likamfanya afuate njia ya kurudi. Dalmas akatii. Huyo ndiye mume niliyepewa, mwanamume wa kuruka mabehewa yanayotembea, lakini mbele ya mama yake ni kifaranga.

Haya. Jina halikutajwa, lakini yeye mwenyewe alijaa mle chumbani tele. Nyuma, upande jua linakozama, alikuwa amepanda mibarika, nayo ilikuwa imekua ikapita urefu wa dirisha, majani yake mapana yakifunika ukuta wote. Juu ya dirisha alikuwa amepigilia misumari ya kutundikia gunia. Kwenye kona ya upande wa kivuli kulikuwa na mtungi wake, umekaa juu ya kata yake ya nyasi, na nyuma ya mtungi, chini kabisa ukutani, jiwe moja lilikuwa limetolewa. Na juu ya mlango, karibu na mabati, kulikuwa na tundu lingine, kubwa kiasi cha kupitisha kichwa cha mtu. Nikamuuliza Dalmas, "Kwani nyumba hii ilipigwa risasi? Mbona matundu?" Akasema tu, "Yaache."

Tena Dalmas alikuwa na sheria. Kabla jogoo hajawika anaamka, anafungua mlango na dirisha, baridi ya mlima Menengai iteremke iingie ndani. Jua likichungulia tu, anafunga. Anachovya gunia ndani ya maji yaliyooshewa mboga, analitundika dirishani. Anajaza mtungi. "Jiko lisiwashwe ndani, Adero. Pikia nje, chini ya mibarika. Mchana usifungue." Nilimuuliza, "Nani alikufundisha kuwa mama wa nyumba?" Nilijua ni nani! Kila nilipolowesha lile gunia nilijiona kijakazi kwenye nyumba ya mwanamke mwenzangu, natumwa na mtu aliye kaburini.

Siwezi kusema uongo, chumba kilikuwa baridi. Mwezi wa pili, wakati mabati ya landi nzima yanalia ta, ta, ta kwa jua, na wake za watu wamekaa vizingitini wakijipepea kwa vifuniko vya sufuria, ndani kwangu ungejitanda leso. Nanyama alikuwa akija kukaa tu, anasema, "Hapa kwenu ni Mau Narok." Hakuna senti iliyotumika. Lakini ubaridi ule sikuupenda, kwa sababu nilikuwa naujua ni wa nani.

Na lile tundu la juu lilikuwa linapumua.

Sikuwa naota. Ilikuwa mchana kweupe, jua likiwa utosini, watu wamejifungia, hata kuku wamenyamaza. Ndipo linaanza. Huuu. Polepole, hadi mwisho, jinsi mwanamke anavyoshusha pumzi akiondoa debe la maji kichwani. Halafu kimya. Halafu tena. Mara ya kwanza niliuliza, "Nani?" Mara ya pili nilishika mwiko. Nilikuwa na mimba ya miezi mingi wakati huo, na nilikuwa nalala mchana nikiwa nimeupa mlango mgongo, nikihisi kabisa kwamba kuna mtu amesimama pale ananihesabia pumzi.

Msichana wangu akazaliwa kiangazi kikiwa kimekolea. Ziwa la Nakuru lilikuwa limekauka mwaka huo, na kila alasiri upepo uliokota vumbi lake jeupe, la magadi, ukalimwaga juu ya mji, watu wakikohoa na macho yakiwawasha. Mama mkwe akaja kwa treni kumwona mtoto. Alikuwa mama mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuamuru. Mimi aliniita nyar Kano, binti wa Kano, na aliniita vizuri, kwa heshima. Nilimpenda, kusema kweli. Alinipikia uji, akanikanda mgongo kwa maji moto. Kisha mchana ukafika, na tundu likapumua.

Mama mkwe aliacha kukoroga. Akatazama juu. "Nyar Kano," akaniuliza taratibu, "huyu bado yumo humu?"

"Yumo, mama," nikasema. Na mwili wote ukanisisimka, kwa sababu mpaka wakati huo nilidhani ni mimi tu ninayesikia.

Mama yule hakupoteza muda. Alipanda juu ya sanduku langu, akashindilia matambara ndani ya tundu la juu, akaziba kwa udongo. Akaziba na la chini. Mtungi akaumwaga maji, akaupindua mdomo chini. Gunia akaling'oa dirishani, akisema ndipo marehemu anapojificha, nyuma ya gunia. Akamalizia kwa mibarika. Alipiga panga majani yote ya upande wa dirisha. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani na mtoto wangu, nikicheka. Haki ya Mungu nilicheka. Nilisema moyoni, leo Akeyo umehamishwa, sasa hapa ni kwangu.

Dalmas alirudi jioni. Alisimama katikati ya chumba, akatazama udongo mbichi juu ya mlango. Midomo yake ilicheza kidogo. Mama yake akamwambia, "Mambo ya uzazi ni ya wanawake." Akageuka akatoka nje, akakaa huko mpaka giza.

Tangu siku hiyo joto likaingia na kukaa. Lilianza asubuhi, likashuka kutoka kwenye mabati kama mtu anayekunjua blanketi juu yako, na kufika mchana hewa ilikuwa nzito hata kumeza mate ilikuwa kazi. Mshumaa juu ya rafu ulipinda wenyewe ukainama. Mtoto akaanza kulia.

Nami sikuweza kumtoa nje. Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Kwetu mtoto mchanga hukaa ndani mpaka atolewe nje rasmi, na mama mkwe alisema huyu hatoki kabla hajapata jina, kwa sababu mtoto asiye na jina akipelekwa nje na kuna marehemu anayezungukazunguka mlangoni, marehemu anambeba. Na kwetu jina halichaguliwi tu kama kitambaa dukani. Mtoto akilia asinyamaze, wazee humwitia majina ya waliokufa, moja moja. Jina atakalonyamazia akashika ziwa, hilo ndilo lake. Aliyekufa ametaka kurudi kupitia yeye.

Basi mama mkwe akampakata akaanza. "Wewe ni Awino? Awino, nyamaza, tumekutambua." Mtoto akalia. "Ni Apondi? Apondi nyar Ugenya, ndiwe?" Akalia. "Ni Omolo, baba yangu?" Akalia. Alimaliza ukoo wake, akamaliza wa marehemu mumewe, akaniuliza wa kwetu, akaumaliza pia. Siku iliyofuata akarudia upya. Mtoto hakunyamaza kwa jina lolote, na maziwa hakutaka. Alishika chuchu, akaiachia, akageuza uso.

Na mimi nilikuwa nimeficha kitu. Tangu tundu lizibwe nilikuwa naota ndoto moja. Mwanamke amesimama mlangoni, mtungi umejaa maji kichwani, shingo inamtetemeka kwa uzito. Ananiuliza kwa upole, "Niweke wapi?" Nami namjibu, "Hapa pamejaa." Hasogei. Anauliza tena. Kwetu ndoto kama hiyo wakati wa kutafuta jina huulizi kwa nini imekuja, unaisema tu, na wazee wanajua. Mimi nikafunga mdomo. Mtoto wangu aitwe Akeyo? Kila nikimwita mwanangu niwe namwita yule? Dalmas amtazame binti yangu amwone mkewe wa kwanza? Ng'o! Afadhali nife.

Lakini aliyekuwa anakufa si mimi.

Mchana mmoja kilio kikabadilika. Kilikuwa kikali siku zote, cha kutoboa masikio. Siku hiyo kikawa chembamba, kama cha paka mdogo, halafu kikawa mdomo tu unafunguka bila sauti. Nikamshika kichwani. Utosi wake ulikuwa umebonyea. Ngozi ilikuwa moto na kavu, na alipolia hakutoa hata chozi. Nikaanza kupiga mayowe.

Nanyama alikuja mbio. Alisukuma mlango akaingia, joto likampiga usoni mpaka akarudi hatua. "Yesu wangu!" akasema. "Mnamchoma mtoto?" Kisha akatazama juu ya mlango, akaona udongo. Akatazama kona, akaona mtungi umepinduliwa. Uso wake ukageuka kabisa. "Nani ameziba?"

"Mimi," mama mkwe akasema. "Na wewe si wa nyumba hii."

"Mama, mimi si wa nyumba hii, lakini mimi ndiye nilikuwa nashika stuli wakati Akeyo anatoboa tundu hilo." Nanyama alikuwa na heshima, hakupandisha sauti, lakini machozi yalikuwa yanamtoka. "Mtoto wake wa kwanza alifia hapo kitandani. Kiangazi kama hiki. Alikauka hivihivi, mkononi mwake, mchana. Alipopata mimba ya pili alichukua msumari wa reli akatoa jiwe la chini, akatoa la juu. Kutwa anagongagonga na tumbo limejaa. Akaniambia, hewa ya kivulini itaingia huku chini, ipite kwenye mtungi ipoe, na joto litapanda litokee kule juu. Mibarika alipanda yeye. Kila kitu humu alitengenezea mtoto. Halafu huyo mtoto hakuja, na yeye mwenyewe akaenda. Hamkuambiwa?"

Mimi nikamwangalia mama mkwe. Mama mkwe akaangalia sakafu. Alikuwa anajua kuhusu yule mtoto wa kwanza, na Dalmas alijua, na hakuna aliyeniambia. Yawa! Kwa kukataza jina walikuwa wamekataza na habari zote zilizofungwa nalo, na mtoto wangu alikuwa anakufa ndani ya habari hizo.

Nilimpa Nanyama mtoto. Nikapanda juu ya sanduku, mwili bado haujapona, nikaanza kuchimba ule udongo kwa kucha.

"Nyar Kano, acha!" mama mkwe akapiga kelele. "Utamwingiza!"

"Na aingie!" nikamjibu. Sikuwahi kumjibu hivyo mama wa mume wangu, wala sijamjibu hivyo tena. "Aingie! Mtoto wa mtu anakufa, wewe unamwogopa nani?"

Nikavuta matambara yote, yakaniangukia usoni. Nanyama naye, mtoto mkono mmoja, alikuwa amepiga magoti kwenye kona anafungua tundu la chini kwa mwiko. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha nikaisikia. Huuu. Ilinipita shavuni, joto lote la siku zile likitoka kwa kishindo kidogo, na chini miguuni nikahisi ubaridi ukiingia, na harufu ya udongo wa kivulini. Nililia. Ilikuwa pumzi ileile niliyokuwa naiogopa.

Nikashuka, nikamchukua mwanangu. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Nikamwekea chuchu. Akageuza uso.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye sakafu, kanga imemteleza kichwani. Sikuwa na jingine la kufanya. Nilikuwa nimebaki na kitu kimoja tu nilichokuwa nakinyima, na kiburi changu kilikuwa kimekikalia. Nikainama kwenye sikio la mtoto.

"Akeyo," nikasema. Nikarudia. "Akeyo. Ni wewe? Kama ni wewe, nyonya."

Mdomo ule mdogo ulitafuta. Ukashika. Ukavuta mara moja, ukapumzika, nikadhani basi. Ukavuta tena.

Nanyama alianza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Mwishowe mama mkwe akajikokota mpaka karibu yetu, akaweka kiganja juu ya utosi wa mtoto, akasema, "Akeyo, binti yangu, nilikukataa mlangoni." Akarudia hayo mpaka nikamwomba anyamaze, maana mtoto alikuwa anasinzia.

Jua lilipolegea alimtoa mtoto nje mwenyewe, akamsimamisha mikononi mwake karibu na mibarika iliyokatwakatwa, akamwonyesha landi na reli na mlima. Tulichovya gunia, tukalitundika. Mimi nilinyonyesha na kunyonyesha, na kila mara nikiita jina lile, kwa sauti, lisije likasahaulika.

Hivyo ndivyo Dalmas alivyotukuta. Alisikia kabla hajaingia. "Akeyo, amka mama. Akeyo, nyonya." Akaganda kizingitini, taa yake ya kazi mkononi, uso umekuwa kijivu. Mama yake akamwambia, "Ingia. Tumeshamwita."

Alivua kofia. Hakumtazama mtoto kwanza, wala mimi. Alitazama juu, pale tunduni, na akasema polepole, "Nimerudi."

Tangu nimeolewa hakuwahi kuniambia mimi neno hilo. Alikuwa anaingia tu. Wivu ukanipanda mpaka kooni, nikafungua mdomo nimpe lake. Ndipo tundu likapumua. Nikainua gunia dirishani, nikatazama nje. Upepo ulikuwa umekwisha kufa, vumbi limetulia, na jani moja lililobaki kwenye mibarika halikutikisika hata kidogo. Mtoto aliachia ziwa, akageuza macho kuelekea juu, akatulia hivyo, anasikiliza.

Nilimpa Dalmas binti yake. Nikaenda kwenye kona, nikauinua mtungi, nikaufuta vumbi kwa leso yangu, nikaurudisha juu ya kata yake, mbele ya tundu la chini. Niliwapa wote mgongo, nikaongea kwa sauti ya kawaida, kama unavyoongea na mtu aliyesimama mlangoni siku nyingi na mzigo kichwani.

"Weka hapa, mke mwenzangu," nikasema. "Nafasi iko."

Kisha nikachukua debe nikaenda bombani kuleta maji.